Wanaokuja kupunga upepo, wataokotaje? Maswali ya wasomaji kuhusu usafi wa bustani za umma

Katika toleo lililopita tuliwaomba wanaotunza bustani za umma, na wanaozitumia, watuandikie kinachowatatiza katika usafi. Barua nyingi zimerudi kwenye jambo moja: vikundi vya usafi vipo, lakini mwananchi aliyekuja kupumzika anabaki mtazamaji. Tumechagua barua saba. Majibu ni ya jopo letu la watunza bustani na watu wa usafi wa mazingira.

Tunafagia, wao wanainua miguu

*Kikundi chetu cha vijana husafisha sehemu ya bustani ya Mama Ngina, Mombasa, mara moja kila mwezi, asubuhi. Ni sisi kwa sisi tu. Waliokuja kula mihogo na kutazama meli zikiingia Kilindini wanainua miguu tufagie, wanatuambia "kazi njema", basi. Tuwavute vipi? – Katibu wa kikundi, Likoni*

Ndugu Katibu, watu hao si wabaya, ila ombi lenu ni kubwa mno kwao. Mtu aliyetoka na wanawe Jumapili, kavaa nguo zake za kutokea, hawezi kuuacha mkeka akajiunga na kundi la fulana za rangi moja kwa saa tatu. Dakika kumi anazo. Mwombeni hizo kumi, tena mkiwa mmeshamtayarishia chombo.

Kinacholeta matokeo ni kituo cha ndoo. Mnahitaji meza moja ndogo. Ndoo kumi hadi kumi na tano za lita 5 au 10 (ndoo za rangi zilizooshwa vizuri zinatosha). Vibanio virefu idadi hiyo hiyo, hata vile vya kugeuzia nyama kwenye jiko la mkaa. Dumu la maji la lita 20 lenye bomba, sabuni na beseni. Na viroba vitatu vya kilo 50 vya kumwagia kilichookotwa. Kila ndoo itobolewe matundu manne chini, upana wa kidole kidogo. Matundu hayo yanatoa soda na maji ya mvua, na pia yanailinda ndoo yenyewe, maana ndoo inayovuja haina kazi nyumbani kwa mtu.

Kwa nini ndoo na si mfuko? Mbele ya bahari upepo wa kusi hauachi mfuko utulie. Mkono mmoja unashika mdomo, mwingine unaokota, na nusu ya karatasi zinaruka tena. Ndoo inakaa wazi. Halafu inajaa upesi, na hapo ndipo penye siri: mtu anaiona kazi yake imekwisha. Mpe kiroba kizima, atachoka kabla hakijafika robo, na mwezi ujao akikuona atapita njia nyingine. Tena mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo msifikirie kuigawa.

Badilisheni saa pia. Mnasafisha asubuhi wakati wenye mahali hawajafika. Simameni kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi ikaribie. Meza ikae pale watu wanapoingilia, kwa sababu akishatandika mkeka na kuagiza viazi karai, umeshamkosa. Asimame mtu mmoja tu mwenye uso mkunjufu, na aseme jambo lenye mwanzo na mwisho: "Shikamoo mama, karibuni. Mtatusaidia kujaza ndoo hii moja mkiwa mnatembea? Ikijaa mtaiacha pale kwenye mbuyu." Watoto ndio wa kwanza kuipokea. Hakikisheni mzazi yuko naye, na mara nyingi mzazi mwenyewe ataanza kuokota kabla ya mita hamsini.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kila kitu. La kwanza ni kumfuata mtu aliyetupa ganda na kumwambia mbele ya watu aliokote. Atalikataa hata kama moyoni anajua amekosea. La pili ni kuwapa waokotaji maji ya chupa kama asante. Wekeni dumu lingine la maji ya kunywa, na kila mtu aje na kikombe chake au mumkopeshe cha bati. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na mirija, katika hifadhi, misitu na fukwe tangu 5 Juni 2020. Kikundi cha usafi kikileta katoni za chupa ufukweni, hakuna atakayekisikiliza.

Vijiti na madafu

*Asalaam aleikum. Nauza mishikaki Forodhani nyakati za usiku. Mteja akimaliza kula, kijiti anakitupa chini au anakichomeka kwenye majani. Wenzangu wa madafu nao wana shida yao. Nataka wateja wangu wasaidie kusafisha ila sitaki kuwaudhi. – Muuzaji, Unguja*

Waaleikum salaam. Kijiti cha mshikaki ni takataka ndogo yenye madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Kina urefu wa shibri moja na zaidi kidogo, ncha kali, na kikiingia kwenye kiroba kinatokeza upande wa pili na kumchoma mguuni anayekibeba. Kwenye nyasi hakionekani, mpaka mtoto aliye pekupeku akikanyage.

Usimwambie mteja neno. Chukua kopo la bati la maziwa ya unga, weka mchanga wa kimo cha vidole vitatu lisianguke, na uliweke juu ya meza, karibu na pilipili na ndimu. Mkono wa mteja unafika pale bila kufikiri, na ncha inaingia chini kwenye mchanga. Ukiwa na meza tatu, weka makopo matatu. Kopo moja la kushirikiana halitumiki kwa sababu liko mbali kwa hatua nne, na hatua nne usiku ni nyingi. Kopo likijaa, funga vijiti kwa kipande cha waya au ukindu kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni, ndipo uvitie kwenye taka. Ukitaka mteja ashiriki zaidi, weka kopo la pili tupu na umwombe anayesubiri nyama iive aokote vijiti vilivyo mita mbili kuzunguka meza yake. Anayesubiri chakula ana muda na hana la kufanya, na wengi hukubali.

Dafu lataka kazi zaidi. Ganda lililotobolewa juu na kuachwa pembeni linakusanya maji ya mvua, na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, anamaliza kukua kwenye maji kidogo kama hayo katika muda wa wiki moja hivi joto likiwepo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Basi muuzaji, kwa panga lile lile, alipasue dafu vipande viwili mteja akishakunywa (wengi wanataka kula nyama yake hata hivyo) na kuvilaza kifudifudi. Marundo ya madafu yasichanganywe na taka nyingine: machache tu yanajaza pipa zima, na mtu mwenye karatasi mkononi akikuta pipa limefurika ataiweka chini. Yakikauka ni kuni.

Na mapipa yawe na mifuniko mizito. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, huamka kabla ya wafagiaji. Wakikuta pipa wazi lenye mabaki ya pweza na mkate, saa kumi na mbili asubuhi bustani nzima imetapakaa upya, na anayelaumiwa ni mteja wako wa jana.

Watoto na sindano

*Nafundisha darasa la tano. Nataka kuwapeleka wanafunzi kuokota taka kwenye bustani ya mjini, lakini wazazi wanaogopa sindano na vioo. Wana haki? – Mwalimu, Tanga*

Wana haki, Mwalimu, na usiwapuuze. Lakini hofu hiyo ina utaratibu wake.

Nusu saa kabla ya watoto kufika, watu wazima wawili wapite eneo lote: chini ya mabenchi, ndani ya vichaka, nyuma ya vyoo, pembezoni mwa ukuta. Wao ndio wanaoondoa sindano, vioo, pampasi, pedi, na chupa zenye kimiminika ndani. Chupa hizo zisifunguliwe na mtu yeyote. Mara nyingi ni mkojo wa dereva, ila huwezi kujua. Sehemu isiyopitiwa haiingii mtoto.

Sindano huokotwa hivi: galoni ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha iwekwe chini, kando ya sindano, na asiishike mtu. Ni rahisi kuchomwa ukiwa umeshika galoni kwa mkono wa pili. Ibane sindano kwa kibanio upande wa bomba, si wa ncha, idondoke ncha ikitangulia. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Galoni isipite robo tatu, iandikwe kwa maandishi makubwa, na ipelekwe kituo cha afya ambacho mmeshakubaliana nacho tangu wiki iliyotangulia. Mtu akichomwa, aoshe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue wala kunyonya, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndivyo bora. Aulizie pia kinga ya pepopunda na ya homa ya ini B.

Baada ya hapo, watoto. Viatu vya kufunika, si ndala. Watoto watano kwa mtu mzima mmoja: mmoja anabeba ndoo, watatu wanaokota, mmoja anahesabu kwa vistari kwenye daftari (vifuniko, karatasi za peremende, chupa, vipisi vya sigara). Wabadilishane kila dakika kumi. Dakika arobaini zinatosha; zikizidi wanaanza kurushiana. Wape vibanio badala ya glavu. Glavu za watu wazima zinawabaki vidoleni, hawashiki kitu, wanazivua. Zile nyembamba za hospitali zinapasuka kwenye mwiba wa kwanza na kuongeza taka. Mwisho wote waoshe mikono kwa sabuni, hata ambaye hakugusa kitu.

Daftari lile usilitupe. Likionyesha vifuniko vimejaa hatua chache kutoka kwa muuza soda fulani, mmepata mahali pa kuweka pipa, na mmepata mtu wa kuzungumza naye.

Bango liandikweje?

*Kamati ya mtaa wetu inataka kuweka bango: "Bustani hii inachafuliwa na watu wengi. Acheni! Faini itatozwa." Mnaonaje? – Mjumbe, Dar es Salaam*

Msiliweke hilo. Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji kwamba kuchafua ndiyo kawaida ya hapo. Robert Cialdini na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 1990 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hutupa karatasi zaidi mahali wanapokuta pameshachafuka kuliko palipo safi. Baadaye walijaribu mabango katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, ambako watalii huondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema wageni wengi wamechukua vipande hivyo ndilo lililofuatiwa na wizi mwingi.

Andikeni kinachotakiwa kufanywa, na mahali pa kukifanyia: "Chukua ndoo hapa. Ijaze. Irudishe hapa." Maneno yasizidi kumi. Herufi za sentimita 5 zinasomeka vizuri kutoka mita sita hivi. Bango likae usawa wa macho, kando ya ndoo zenyewe. Bango la langoni linalozungumzia ndoo zilizo mita mia mbili mbele halina kazi. Na faini isiyo na mtu wa kuitoza msiitaje kabisa.

Kuna jambo jingine linalotokana na majaribio hayo: ndoo za wageni ziwe siku pametoka kufagiwa, si siku taka zimekithiri. Mtu akikuta takataka chache kwenye nyasi safi anaziona na kuziokota. Akikuta jalala, atakaa mbali nalo.

Viroba vilikaa wiki nzima

*Tulijaza viroba zaidi ya thelathini, wageni wengi walisaidia. Gari la taka tuliloahidiwa halikuja. Mbwa wakavipasua usiku, na wale wale waliotusaidia wakaona taka zao zimerudi pale pale. Sasa hawataki tena. – Mwenyekiti, Moshi*

Pole sana, Mwenyekiti. Hili ndilo linaloua juhudi nyingi kuliko uvivu wa watu, na tunalirudia kwa kila kikundi: usiokote kitu kabla hujajua kiroba kitalala wapi.

Wiki moja kabla, pateni kwa maandishi siku na saa ya gari, na namba ya simu ya dereva mwenyewe, si ya ofisi peke yake. Kodini guta la akiba. Chagueni chumba au uzio wa kufungwa ambamo viroba vinaweza kulala usiku mmoja. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, ahirisheni.

Punguzeni pia kinachohitaji gari. Kwanza, majani makavu si taka. Watu wakishapewa reki wanajaza viroba kwa majani, na kumbe yangebaki chini ya miti yakaozea hapo. Pili, mabaki ya chakula yaende kwenye shimo la mboji, au angalau kwenye pipa lake. Bila harufu ya chakula mbwa hana sababu ya kupasua kiroba. Tatu, chupa za maji zitengwe. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, maana yake kilo moja ni chupa 50 mpaka 100, na zisipokanyagwa zinajaza kiroba kwa hewa tupu. Fungua kifuniko, kanyaga, rudisha kifuniko kwenye ndoo ya peke yake. Wanunuzi hutenganisha kwa sababu ni plastiki mbili tofauti: tia vyote kwenye ndoo ya maji, vipande vya chupa vitazama na vifuniko vitaelea. Zenye mafuta ya kula au tope hukataliwa. Lakini kabla ya kuuza ulizeni kama kuna waokota chupa wanaoitegemea bustani hiyo kwa riziki yao. Kama wapo, waiteni siku hiyo wazichukue wao.

Kuchoma si njia. Moshi wa plastiki ni sumu kwa waliokuja hapo kupumua hewa safi.

Mfano mzuri mnao juu ya vichwa vyenu. Mlima Kilimanjaro, makundi ya wapandaji hushusha taka zao na zinapimwa kwenye mizani getini. Bustani yenu inaweza kufanya hivyo kwa makundi ya sherehe za kuzaliwa, kwaya na picha za harusi: wakiingia wapewe viroba viwili na jina la mkuu wa kundi liandikwe; wakitoka waonyeshe viroba. Watu thelathini walioalikana wana mtu mmoja wanayemsikiliza, na huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Kwa nini tusilazimishe?

*Rwanda wana umuganda na Kigali inang'aa. Sisi tunabembeleza. – Msomaji, Dodoma*

Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya lazima, hufanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na watu hufanya kazi mtaani kwao, pamoja na majirani wanaowajua. Tanzania nayo ina usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tunawasihi wasomaji waende. Ila anayepita bustanini kwa saa mbili hana jirani pale wala kiongozi wa kumwita. Mkimlazimisha atatafuta bustani nyingine. Kwake yeye ndoo ina nguvu kuliko amri.

Mfagiaji anauliza

*Mimi ni mfagiaji wa bustani, naajiriwa kwa mkataba. Wageni wakifundishwa kuokota, si kibarua changu kitaota nyasi? – Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Dada yetu, swali lako linapaswa kuulizwa kwenye kila kikao cha usafi kabla ya kununua ndoo hata moja.

Kazi ya mgeni isiwe kazi yako. Vyoo, mifereji, mapipa, kukata nyasi, vioo na pampasi ni kazi za mtu aliyelipwa, mwenye buti, glavu nene na beleshi. Kwenye mifereji hasa, kabla ya mvua za Aprili, hakuna wa kukushinda. Mfereji ulioziba kwa vifuko vya chipsi unarudisha maji yote kwenye njia. Mgeni aachiwe vile vinavyokula muda wako bila kuisha: vifuniko, vipisi vya sigara, karatasi za peremende, mirija. Kipisi cha sigara pekee kina kichungi cha nyuzi za plastiki kisichooza upesi kama watu wanavyodhani, na ufagio hukipita kikiwa kimezama kwenye nyasi. Huokotwa kimoja kimoja, na kazi ya namna hiyo inafaa watu wengi wenye dakika chache.

Wanaopanga mpango huo waandike mambo matatu kwenye makubaliano yao na uongozi wa bustani: idadi ya wafagiaji haitapunguzwa kwa sababu ya watu wa kujitolea, siku ya ndoo itapangwa nanyi, isiangukie siku yenu ya mapumziko, na mfagiaji mmoja alipwe kama msimamizi wa kituo, maana ni wewe unayejua upepo hurundika taka kona ipi na watu wa saa kumi na moja hukaa chini ya mti gani. Ukiwa umesimama kwenye meza ile ukigawa ndoo, mgeni anakujua kwa jina, na ni vigumu zaidi kutupa ganda mbele ya mtu uliyesalimiana naye. Kikundi kikija hapo na ndoo bila kukuona wewe kwanza, wapeleke kwa msimamizi wako na umwombe mkae pamoja kabla hawajaanza.